Amitriptilini kwa miguu inayowaka moto

Famasi hawajakosea kumpa mama yako amitriptilini. Kikaratasi cha ndani ya boksi kinasema ni dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), lakini miguu yake inayowaka moto kwa sababu ya sukari ndiyo hasa inayotibiwa.

Kwenye shina la ubongo kuna seli zinazoteremsha neva hadi uti wa mgongo kupunguza maumivu pale pale yanapoingia. Zinatumia kemikali mbili za kupeleka ujumbe, noradrenalini na serotonini. Noradrenalini ikishika vipokezi vya alfa-2 (sehemu za neva zinazopokea ujumbe wake), neva inayoleta maumivu inamwaga kidogo tu glutameti, kemikali inayochochea seli inayofuata, na seli inayopokea inatulia. Amitriptilini inazuia kemikali hizo zisifyonzwe haraka. Serotonini yenyewe ni kigeugeu, kipokezi kimoja inatuliza, kingine inachochea. Ndiyo maana fluoksetini, dawa nyingine ya sonona inayogusa serotonini tu, haifui dafu kwa maumivu ya neva.

Dozi ni ndogo: miligramu 10 hadi 25 usiku, huku ya sonona ikifika 75 na zaidi. Vidonge vingi hapa Dar ni vya 25, kwa hiyo mzee anaweza kuanzishwa nusu. Asitegemee nafuu kesho, ni wiki 2 hadi 4. Wengi huacha mapema kwa sababu ya kinywa kukauka na usingizi wa asubuhi, wakati dawa haijaanza hata kazi.

Ila daktari ajue kama ana presha ya macho, mapigo ya moyo yasiyo sawa, au anatumia tramadoli, dawa ya maumivu. Tramadoli nayo inaongeza serotonini. Zikikutana anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa.