Mwanangu, Kuhusu Safari Yako ya Istanbul

Mwanangu Salum,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha. Umeniuliza ubebe dola taslimu au utegemee kadi, maana umesikia wageni wanavyotapeliwa huko. Beba vyote viwili. Dola zibadilishe mjini, kwenye maduka yaliyoandikwa Döviz, yaani fedha za kigeni, si uwanja wa ndege. Ukilipa kwa kadi wakakuuliza ukatwe kwa dola au lira, chagua lira. Dereva wa teksi akikataa kuwasha mita, shuka. Na pale Taksim, mtu mliyejuana dakika 5 akikukaribisha kinywaji, muage; bili yake hukausha mfuko.

Hayo ni ya pesa. Mimi kinachonikaa rohoni ni brashi.

Unaikumbuka safari yangu ya 2012, niliporudi na yale majaketi ya Laleli, mtaa wa maduka ya nguo huko Istanbul? Hili mama yako analijua nusu tu. Siku ya pili nilikuwa Daraja la Galata, pale wavuvi wanapojipanga na mishipi yao. Mpiga kiwi mmoja akanipita na sanduku lake la shaba. Brashi ikamponyoka. Mpini wa mbao, manyoya yamelika upande mmoja. Nikaiokota, nikamkimbilia. Unajua bibi yako alivyotulea: cha mtu kikianguka, kiokote. Lile kapu la machungwa pale Chumbageni, na bakora nilizokula kwa kulipita, nimekusimulia mara ngapi?

Akanitolea salamu ya Kiislamu, mkono kifuani, akaninyanyua mguu na kuanza kunipiga kiatu brashi. Nikajua ananishukuru. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akaniuliza habari za watoto. Nikatoa picha yako. Nikamweleza ulivyolazwa kwa pumu mwaka ule, tulivyokesha. Akatikisa kichwa, akasema na wake yuko hospitali, Ankara. Halafu akataja bei: lira 40. Nikalipa. Kufika mwisho wa daraja nikageuka, nikamwona anampita mgeni mwingine. Brashi ile ile ikaanguka.

Pesa sikuzililia. Kilichoniuma ni kwamba nilimtajia ugonjwa wako.

Kesho yake, ndani ya tramu, mzee mmoja akadondosha glavu yake. Niliiona. Nikageuza uso dirishani. Binti wa shule akainama, akamwokotea, mzee akamwombea dua. Mimi, mtoto wa bibi yako, nimekaa! Hilo ndilo linalonirudia, Salum, kuliko lira 40.

Basi nikwambie usiokote? Nimeandika hivyo, nikafuta. Cha mtu kikianguka, kiokote, ndivyo nilivyokulea na wewe. Lakini fundi haangushi kitendea kazi chake akaendelea na njia. Umewahi kuona seremala akiacha randa barabarani? Labda umwite tu, aje aichukue mwenyewe. Hapana, huo ni ukavu. Au uokote, umpe, ukatae kusimama. Hapo karibu nikubali, ila kumkatisha mtu shukrani nako sikupendi. Mama yako ananiambia niache, una miaka 29, utaamua.

Ukifika nipigie, hata iwe usiku wa manane. Na brashi ikianguka mbele yako, nataka kujua ulifanyaje.

Baba yako