Ngozi ionekane ngozi: hamisha taa kabla hujagusa slaida

Mkuu umeuliza kwa nini ukipandisha shapnesi (slaida ya kuongeza ukali wa picha) kwenye picha ya uso wa karibu ngozi inatoka kama imemwagiwa vumbi, wakati picha za wengine unaona mpaka vitundu vya ngozi na kila mkunjo. Nimehangaika na hii kitu karibu miaka mitatu, na kwa nilivyoona mimi tatizo lako haliko kwenye kompyuta, liko pale ulipoweka taa.

Yaani kile tunachokiona kwenye picha tukasema "ngozi imetoka" ni vivuli vidogo vidogo tu. Kila kitundu na kila mkunjo una upande unaopata mwanga na upande unaokosa, sasa ukimpiga mtu na flashi iliyokaa juu ya kamera mwanga unajaa kila mahali, vivuli vinapotea, uso unakuwa bapa, na hapo uediti mpaka asubuhi hutapata kitu maana kamera haikukinasa toka mwanzo. Chukua taa hiyohiyo ipeleke ubavuni mwa mtu, nyuzi 60 mpaka 80 hivi kutoka usawa wa lenzi, mwanga upite ukiparuza shavu. Hapo utaona tofauti bila kuediti chochote.

Mimi hili lilinikaa kichwani kwa sababu ya babu wa rafiki yangu. Uso wake una mistari mizuri sana, na mara ya kwanza nilimpiga na softiboksi (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga wa taa) ya sentimita 120 nimeisogeza karibu kabisa mbele yake, kwa sababu nilikuwa nimekariri kwamba mwanga laini ndo mwanga mzuri. Picha ilikuwa safi lakini wajukuu wakasema huyu siyo babu. Nikarudi siku nyingine, nikamkalisha ubavu kwa dirisha, nikazima taa zote za ndani, basi. Alipoiona akaweka kidole kwenye kovu la juu ya nyusi akaanza kusimulia alivyolipata, na hilo kovu kwenye picha ya kwanza halikuwepo kabisa.

Kama huna dirisha zuri, isogeze softiboksi yako mbali, toka mita 1 mpaka mita 3, vivuli vitakuwa na kingo kali zaidi, maana ulaini wa mwanga unategemea taa ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na umbali wake na mtu.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo watu hawalisemi vya kutosha. Pale ule mng'ao ndo unabeba umbo kuliko kivuli, kwa hiyo usimpake mtu poda mpaka uso ukawa mkavu kabisa, futa jasho tu, uache mng'ao kidogo kwenye shavu na paji la uso. Na uso mweusi ukijaza fremu, kamera ikiwa kwenye oto inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, ule mng'ao unaungua unakuwa doa jeupe. Mimi hushusha theluthi moja mpaka theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga, ukishusha stopu moja mwanga unabaki nusu). Inauma kuona ngozi nzuri imeharibiwa na kamera iliyoachwa iamue yenyewe.

Halafu apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Najua f/1.8 inavutia, ila kwenye fulfremu (kamera ya sensa kubwa), lenzi ya 85mm ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, sehemu iliyo shapu ni kama sentimita 1.5 tu, jicho limo pua haimo, na mtu akipumua tu ameshatoka kwenye fokasi. Nenda f/8, unapata kama sentimita 6.5. Ukifunga zaidi ya f/16 picha nzima inaanza kulainika tena. Usisogee karibu sana na lenzi pana, pua itavimba. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya chini, maana JPEG ya kamera inasafisha chenga na vitundu vya ngozi vinaondoka nazo, na kwenye simu zima ile biuti modi inayolainisha uso kabla ya yote.

Sasa kuediti. Lile vumbi unaloliona nadhani linatokana na slaida ya klariti. Klariti inakoleza maeneo mapana ya mwanga wa kati, ndo maana chini ya macho panakuwa kama pamevilia damu. Tumia slaida ya teksicha, programu ya kuediti ya Lightroom waliiongeza 2019, inagusa vitu vya ukubwa wa vitundu na mikunjo, mimi sizidi 25. Kwenye Photoshop nadurufu leya (tabaka la picha), naweka hai pasi (filta inayobakiza kingo na vitu vidogo tu) ya pikseli 1.5 au 2, naiondoa rangi, naiweka ovalei (namna ya kuichanganya na picha ya chini), alafu kwa maski (inayochagua sehemu ya kuonekana) napaka mashavu, paji la uso na ndevu tu, chini ya macho siendi. Angalia kwa asilimia 100, ukizumu 300 utaharibu. Ukigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, shusha kidogo rangi ya chungwa na nyekundu, madoa na mistari itajitokeza yenyewe, ila kidogo kweli maana ukizidisha mtu anaonekana mgonjwa.

Chunusi ya wiki hii naitoa, kovu na mikunjo siitoi mpaka mwenye uso aombe, na namwambia kabla sijapiga kwamba picha itaonyesha kila kitu. Wengine wanakataa, ni haki yao.

La mwisho, kama picha yako ina pikseli 6000 na unaipunguza hadi 2048 kwa ajili ya kupost, ule ukali unapungua, na wengi hapo ndo wanapopotezea kazi yote. Punguza saizi kwanza, alafu ndo uongeze shapnesi ya mwisho, kidogo.