Swali la lugha: "mupepo" mbili ndani ya ndeke moja

Swali: "Mwalimu jambo sana. Tuko vijana wanne hapa Lubumbashi, tunajijengea ndeke ndogo ya viti viwili. Tumefika kwa ile mipira yenye inatoka kwa pito na yenye inatoka kwa matundu ya statiki kwenda kwa kadrani (saa za kupimia) za mbele. Mwenzetu mumoja aliandika MUPEPO ku mipira yote, mwingine anasema Kiswahili bora ni 'bomba la kanieneo', tukabishana mpaka usiku. Tuandike nini?"

Jambo wadogo zangu. Huyo wa mupepo mmunyanganye kalamu, kwa upole lakini, juu hakukosea Kiswahili cha kwetu, alikosea ndeke.

Kwetu hapa mupepo unabeba kila kitu, ule wenye unaleta vumbi mwezi wa nane ni mupepo, wenye unatia mu tairi ni mupepo, na hata Dar es Salaam wanasema kujaza upepo tairi kwa hiyo tusijione sisi peke yetu ndio tumeharibu lugha. Ila Kiswahili kiko na maneno mawili. Upepo ni wa familia moja na kupepea na kupepeta, ni kitu chenye kinatembea, kikisimama si upepo tena. Hewa ilitoka kwa Kiarabu, hiyo ni kitu chenyewe, itembee au ilale: tunavuta hewa, tunasikiliza hali ya hewa, chumba chenye watu wengi na dirisha imefungwa unasema hewa nzito, sijasikia mtu hata mumoja akisema upepo mzito ndani ya chumba kimefungwa.

Na ndeke inataka tofauti hiyo hiyo kabisa. Pito inaangalia mbele, mdomo wazi, inakula upepo wa mwendo. Matundu ya statiki yako ubavuni, upepo unapita pembeni yao hauingii, yenyewe yanasikia tu hewa ya nje ilivyo pale juu. Kadrani ya spidi (marubani wa shule ya Kifaransa wanaiita bade) inapokea mirija yote miwili na kutoa moja kwa nyingine, kinachobaki ndio spidi. Altimeta (ya kupima urefu wa juu) na variometa (ya kuonyesha mnapanda ao mnashuka mbio namna gani) hazihitaji upepo hata kidogo, zinakula hewa tu. Basi andikeni MRIJA WA UPEPO kwa pito, na MRIJA WA HEWA TULIVU kwa statiki, na pembeni muweke P na S kwa sababu ndio herufi ziko nyuma ya kadrani nyingi, na fundi mwingine kesho atasoma herufi hata kama Kiswahili chenu hakijui.

Mkisema ni maneno tu, fanyeni jaribio. Chomekeni mirija kinyume halafu mpulize kidogo sana kwa mdomo wa pito na sindano ya hospitali, ile bila ncha: mshale wa spidi badala ya kupanda unataka kurudi nyuma ya sifuri na altimeta inaonyesha mnashuka, na ndeke iko imetulia ndani ya hangari. Mumoja aseme "mupepo wa kushoto" mwingine asikie "mupepo wa kulia", mambo yanaishia hapo.

Sasa "bomba". Neno lilitoka kwa Wareno na kwao lilikuwa pampu, sisi tukalifanya njia ya maji, na bomba mpaka leo ni kitu kinene chenye maji au gazi. Cha kwenu ni kidole kidogo, robo ya inchi kwa kawaida, plastiki au alumini. Hicho ni mrija, kama mrija wa kunywea, kama mirija ya uzazi kwa daktari. Tena kwetu bombe ni ile ya kulipuka, sasa nenda umwambie askari wa uwanja "nimefunga bombe mbili ndani ya ndeke" uone kama utalala nyumbani. Tiyo ni neno zuri la mafundi wa hapa kwa mrija, semeni tiyo mkiwa kazini hakuna shida, na rakore (kiungo cha mirija) na te vilevile, sitawalazimisha "kiungishi cha njia tatu" wakati kila mtu sokoni anajua te. Mpira ni sawa kama ni wa mpira kweli, kwa alumini haifai.

Kanieneo ni neno la kamusi za fizikia, sahihi kabisa, na sijawahi kulisikia mdomoni mwa fundi. Presio inatosha. Kuna kitu kimoja lugha haikuonyeshi ila maji yanaonyesha: kadrani ikisoma kilometa 100 kwa saa, presio ya upepo inasukuma maji kama sentimita 5 tu ndani ya mrija uliokunjwa kama U, ikisoma 200 ni kama sentimita 19. Spidi mara mbili, presio mara nne. Ni kidogo sana, kwa hiyo rakore yenye inavuja kidogo tu inakudanganya, na tone la maji likilala mahali mrija umebonyea nalo linadanganya, muuweke na mteremko.

Juu ya vitenzi, wakati mnapima kama mirija inavuja: kwa upepo mnasukuma, kwa hewa tulivu mnavuta. Upande wa statiki mvute polepole mpaka altimeta ipande futi 1,000, mbane, mngoje dakika moja. Sheria ya Marekani kwa ndeke zisizo na presio ndani inakubali kupoteza futi 100 tu, si zaidi. Kuachilia pia polepole, juu variometa ni kitu cha hasira. Na msipulize na mdomo, tafadhali.

"Pito" muiandike hivo hivo. Henri Pitot alikuwa Mfaransa, alipima mwendo wa maji ya mto Seine mwaka 1732, na ile t ya mwisho Wafaransa hawaitamki. Kwa mara moja matamshi yetu ya Katanga yako mbele ya vitabu.

Limebaki moja hamkuniuliza. Mwaka 1996 ndeke mbili za Boeing 757 zilianguka. Ya shirika la Birgenair, mwezi wa pili, watu 189, mdomo mmoja wa pito uliziba, inadhaniwa nyigu walijenga ndani: huo ni upepo. Ya shirika la Aeroperú, mwezi wa kumi, watu 70, waliosafisha walibandika skoche ku matundu ya statiki wakasahau kuitoa: hiyo ni hewa, na hapo altimeta na spidi vyote vilidanganya pamoja. Ninyi mtafunika pito na matundu kila jioni, nyigu wa hapa hawana likizo. Ku kitambaa chekundu msiandike "ondoa kabla ya kuruka", maana kuruka hata mtoto anaruka kamba. Andikeni TOA KWANZA, NJO UPAE.