Ziwa halina mamba: majibu kwa maswali ya kiangazi kando ya Kivu

Mvua zinaanza kukatika, na kama kila mwaka wakati huu maswali yanayotufikia hapa Goma ni yale yale: mamba, gesi, saa ya boti. Wachache mno wanauliza juu ya mambo yanayoua watu kweli kwenye ziwa hili. Ya bei ya vyumba nimeyaweka kando. Hayo mpigie simu mwenye hoteli.

Ndugu zangu wa Ubelgiji wanataka kuja wakati wa printemps yao, majira ya baada ya baridi, mwezi wa nne au wa tano, tukae kando ya ziwa. Ni wakati mzuri? (msomaji wa mtaa wa Katindo)

Hapana. Printemps yao ni masika yetu. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano mvua inapiga mchana na usiku, na sehemu hizi za Kivu ni kati ya zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Mwanzoni mwa Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, kando ya ziwa hili hili, mito ilishuka na mawe na matope na kuua zaidi ya watu 400. Mgeni wa kupumzika hapelekwi kwenye mdomo wa mto wakati huo, hata kama kwenye picha panapendeza.

Waje katikati ya mwezi wa sita, waondoke kabla mwezi wa tisa haujaisha. Lakini uwaambie mambo mawili mapema, wasije wakalalamika. La kwanza, kiangazi kina upepo. Asubuhi ziwa limelala kama mafuta kwenye sahani. Mchana upepo unatoka kusini na mawimbi yanaamka. Panga mtumbwi na kuogelea kabla ya saa tano, mchana mbaki nchi kavu. La pili, kiangazi kina vumbi na moshi, na mlima wa volkano wa Nyiragongo unaweza kujificha siku nyingi mfululizo. Anayetaka kuuona wazi aamke alfajiri baada ya mvua, hata ile mvua ya bahati ya mwezi wa saba.

Wakiona maji yana rangi ya kijani kidogo, si uchafu. Upepo wa kiangazi unakoroga maji ya juu, hadi karibu mita 60 kwenda chini, unapandisha rutuba, na mimea midogo ya majini inastawi. Vidudu vidogo vya majini vinaila mimea hiyo, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanakula vidudu hivyo.

Kuna mamba Kivu?

Hakuna. Ulizeni kina cha maji, maana hicho ndicho kinachochukua watoto. Ukingo wa Goma ni mawe ya volkano: unapiga hatua tatu maji yako kiunoni, ya nne hukanyagi kitu. Na lile jiwe linakata mguu kama kisu. Ingieni na viatu vya plastiki.

Nasafiri Goma hadi Bukavu na watoto wawili, mmoja ana miaka minne, mwingine bado wa mgongoni. Boti gani ni salama? (Mama wa Majengo)

Mama, jina la boti halitakusaidia. Angalia boti ile, siku ile, imepakiwa namna gani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Kituku, bandari ya hapa Goma, watu wa bandarini wakitazama, na makumi ya watu wakafa. Ilibeba watu wengi kupita uwezo wake. Mwaka hauishi bila boti nyingine kujazwa namna hiyo, na abiria tunapanda tukiona.

Elewa kwa nini inapinduka. Magunia ya makaa na viazi yakiwekwa juu ya paa, uzito wote unapanda juu, na boti ikiegemea kidogo hairudi. Maji yaliyoingia chini yanakimbilia upande ulioegemea na kuulemea zaidi. Halafu bandari inaonekana, kila mtu anasimama, anachukua mfuko wake, anasogea upande wa gati. Hapo ndipo inapolala. Wewe kaa chini mpaka kamba ifungwe. Atakayekucheka mwache ashuke kwanza.

Kabla ya kupanda, simama gatini uitazame. Kama alama ya kujaa iliyochorwa ubavuni imefunikwa na maji, usipande. Kama mzigo uko juu ya vichwa vya watu, usipande. Kama wanafungua mlango kuongeza watu baada ya viti kujaa, shuka, nauli ipotee. Chagua ya asubuhi. Zile za haraka zinatumia karibu saa tatu, za mizigo mara mbili ya hapo au zaidi, na ya mizigo ikichelewa kuondoka inakukuta na upepo wa jioni, halafu giza. Safari ya usiku na watoto, mimi nasema hapana, hata ikiwa nusu ya bei.

Sasa watoto, na hapa nakuomba usome mara mbili. Yule wa mgongoni mtoe mgongoni kabla hujakanyaga ubao wa kupandia. Mama akianguka majini na kitenge kimefungwa, yeye anaelea kifudifudi au chali, na kwa vyovyote mtoto yuko chini ya maji au amebanwa. Mpakate mbele, mikononi, bila kumfunga, na usimfunge ndani ya jileti yako, ile fulana ya kuelea majini. Omba jileti ya mtoto mchanga; wakikosa, hiyo si boti ya kupanda na mtoto mchanga.

Yule wa miaka minne avae jileti ya kipimo chake. Uzito umeandikwa ndani, kwa kilo. Mvalishe, funga mikanda yote pamoja na ule unaopita katikati ya miguu, kisha shika mabega ya jileti uinue juu. Ikipanda mpaka masikioni ni kubwa, na majini itamvuka kichwani. Bonyeza pia sponji kwa kidole gumba: ikibaki na shimo bila kurudi, imezeeka, dai nyingine. Na jileti ya kukalia kitini, au iliyofungwa juu ya paa kwa kamba ili wakaguzi waihesabu, haimwokoi mtu.

Kaeni karibu na mlango, si chumba cha chini. Boti ya mbao ikipinduka, mara nyingi mwili wake unabaki ukielea: ushike, usiogelee kuifuata nchi kavu inayoonekana karibu. Bidoni tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linabeba kama kilo 20, na mtu aliye majini mpaka shingoni anahitaji kilo chache tu za kumshikilia. Kwa hiyo bidoni moja linatosha watu wawili wanaolishika kwa utulivu. Anayejaribu kulipanda anawazamisha wote.

Mwisho, andikisha majina yenu watatu kwenye orodha, mchanga pia. Kila boti inapozama tunabishana ni watu wangapi walikuwemo, kwa sababu watoto hawakuandikwa.

Najua kuogelea vizuri. Bado nivae jileti?

Ndiyo. Majini usiku, watu ishirini wasiojua kuogelea watakushika wewe unayejua.

Ni kweli ziwa lina gesi na litalipuka? Tusilete wageni? (barua nne, maneno karibu yale yale)

Gesi ipo, nyingi: kaboni dioksidi na metani. Imelala vilindini, chini ya mita 250 hivi, na uzito wa maji ya juu unaikandamiza hapo. Ziwa lenyewe lina kina cha karibu mita 485. Hofu ya watu inatoka Kameruni, ambako ziwa Nyos lilitoa gesi mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ingehitaji msukosuko mkubwa sana kutoka chini. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na haikufika kwenye vilindi vya gesi. Upande wa Rwanda, Karongi, metani hiyo inavutwa na kuchomwa kutoa umeme wa megawati 26. Kuogelea au kupanda mtumbwi hakuigusi hata kidogo.

Gesi ya kuogopa iko nchi kavu, chini ya miguu yenu, na juu yake sijapata barua nne. Nimepata hii moja:

Vijana kumi na wawili tunataka kulala na mahema upande wa Bulengo, karibu na Lac Vert. Tubebe nini? (Himbi)

Msilale huko mpaka mwenyeji wa pale, aliyezaliwa pale, awaoneshe kwa mkono wapi pana mazuku. Hilo ndilo la kwanza kubeba.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayopenya kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya lava. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa kwenye mabonde na mashimo kama maji kwenye beseni. Jua na upepo wa mchana vinaitawanya kidogo. Usiku hewa ikitulia inajikusanya, na alfajiri ndiyo saa mbaya. Haina rangi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa anapumua vizuri wakati mtoto aliye kando yake, au mwenzake aliyelala, kichwa chake kiko ndani ya gesi. Hema ni kitu cha kulala chini. Fikirini hapo.

Alama zake: nyasi zilizokauka peke yake mahali pa chini huku pembeni kuna kijani, wadudu, mijusi au ndege waliokufa bila jeraha, mbwa anayekataa kushuka. Mkiona moja tu, hamieni juu. Pigeni hema mahali palipoinuka na penye upepo, si kwenye kishimo kinachowakinga na upepo, ingawa mwili unapenda kishimo. Kijiti cha kiberiti kinachozimika kikishushwa karibu na ardhi ni ishara ya kweli, ila asiwepo wa kuinama kujaribu. Kifungeni kwenye fimbo ndefu.

Na mwenzenu akianguka ndani ya shimo, msimfuate. Huzuni ya mazuku ni kwamba wa pili anakufa akimfuata wa kwanza. Mvuteni kwa kamba au ndoano mkiwa juu. Kwa hiyo bebeni kamba, mita 20.

Sambaza nzuri nitaijuaje, na kwa nini bei inapanda ghafla? (Virunga)

Tazama mwezi wa angani. Wavuvi wanakwenda usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, wanawasha taa, sambaza wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti tena, mavuno yanashuka, bei inapanda. Nunua siku za giza, saa moja asubuhi.

Samaki mbichi ana jicho angavu, ubavu unang'aa kama fedha, tumbo zima, na ananuka ziwa. Jicho jeupe na tumbo lililopasuka ni wa jana. Wakavu, weka wachache mdomoni: ukisikia mchanga, walianikwa chini. Na wale wadogo kama uzi wa ufagio, waliovuliwa kwa chandarua cha mbu, usinunue hata wakitolewa kwa bei ya bure. Hao ni sambaza wa mwakani. Samaki huyu aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndiye anayetulisha; tukimla akiwa mtoto hakuna mwingine wa kumbadilisha.

Kukaanga: osha, tia chumvi, wacha wachuje maji nusu saa. Mafuta yawe moto sana, weka kiganja kimoja kwa mara moja, usikoroge mpaka wakauke ganda. Ukijaza kikaango mafuta yanapoa na unapata uji.

Maji ya ziwa yanaonekana safi. Tunaweza kunywa?

Hapana. Kipindupindu hakionekani kwa macho. Pale penye watu wa klorini, dawa ya kusafisha maji, wakikudungia kwenye bidoni, subiri nusu saa kabla ya kunywa. Wengi wanakunywa njiani, na dawa haijafanya kazi. Bidoni lenye utelezi ndani lisugue kwanza kwa changarawe na maji, la sivyo klorini inaishia kwenye huo uchafu. Nyumbani chemsha mpaka yatokote, dakika moja kamili. Kwa kimo chetu cha karibu mita 1,460 maji yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, na inatosha.

Na kwenye ghuba zenye matete na maji yaliyotulia, msiogelee: kuna kichocho. Mkojo wa damu si lazima uonekane, maana kichocho cha huku kinakaa tumboni.

Naweza kupiga picha bandarini na mpakani?

Usipige. Omba ruhusa kwanza, uipate, ndipo utoe simu.

Boti ya kesho inaondoka saa ngapi, na mpaka unafungwa saa ngapi?

Habari za saa zinachakaa kwa siku moja. Nenda gatini jioni ya kuamkia safari, uliza tena asubuhi.

Ninapeleka wanafunzi 40 ziwani mwisho wa mwaka wa shule. Nipange vipi? (mwalimu, Kyeshero)

Mwalimu, shida yako ya kwanza ni mahali. Ukingo wa mji huu umefungwa na kuta za nyumba na hoteli, na watoto wameachiwa pale ambapo boti zinatia nanga, nguo zinafuliwa na maji ya kunywa yanatekwa. Hili ni kosa letu kama mji, na viongozi wanaogawa viwanja vya ukingoni wanapaswa kulijibu. Wewe usiwapeleke Kituku. Zungumza na hoteli yenye ufuko wa kina kifupi, omba asubuhi moja siku ya kazi. Wengi watakubali kwa bei ndogo.

Nenda siku moja kabla, upime kina kwa fimbo. Funga kamba pale maji yanapofika kiunoni kwa mtoto mfupi kuliko wote, na bidoni tupu kila mita tatu ionekane. Mtu mzima mmoja anayejua kuogelea kwa watoto watano walio majini, na asiwe na simu mkononi. Kwa hiyo kama una wanne, majini waingie 20 tu, wengine 20 wakae wakila. Wagawe wawili wawili. Kila dakika kumi piga filimbi, kila mmoja ashike mkono wa mwenzake na uinuliwe juu. Mkono mmoja ukiinuka peke yake, wote watoke majini hapo hapo, kabla hujauliza jina.

Chupa na mifuko mrudi nayo. Inayotupwa Goma inasafiri hadi Bukavu, inaziba mlango wa maji wa bwawa la Ruzizi, na umeme unakatika kwenye shule yako mwenyewe.