Maswali ya wasomaji: Kuona karibu, kuona mbali

Nikitazama kidole changu, mlima ulio nyuma unafifia. Nikitazama mlima, kidole ndicho kinachofifia. Kwa nini? (Mwanafunzi, Moshi)

Kwa sababu lenzi ya jicho haiwezi kuwa na maumbo mawili kwa wakati mmoja. Imeshikwa na nyuzi nyembamba zilizofungwa kwenye msuli wa mviringo. Ukitazama Kilimanjaro, msuli umelegea, nyuzi zimekaza, lenzi imevutwa ikawa bapa. Ukirudi kwenye kidole, msuli unajikaza na duara lake linapungua, nyuzi zinalegea, lenzi inatuna. Wengi hudhani kutazama mbali ndiyo kazi. La, mbali ndiko jicho linakopumzika.

Konea, ile ngozi angavu ya mbele, hupinda mwanga kuliko lenzi, ila umbo lake halibadiliki. Mwingereza Thomas Young alilithibitisha hilo mwaka 1801: alifunika jicho lake kwa maji ili kufuta nguvu ya konea, akaweka lenzi ya kioo badala yake, na bado akaweza kuhamisha uoni wake karibu na mbali. Uvumilivu ulioje!

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 46. Mbali naona vizuri, lakini kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni vita. (Msomaji, Morogoro)

Lenzi yako inakakamaa, fundi, kama ya kila mtu wa rika lako. Mtoto wa miaka 10 huona wazi kitu kilicho sentimita 8 hivi kutoka jichoni. Ukivuka 40, umbali huo unaongezeka hadi mkono unaonekana mfupi. Msuli bado unajikaza, lenzi ndiyo imegoma kutuna, kwa hiyo usinunue hayo mazoezi ya macho yanayotangazwa mitandaoni. Vaa miwani ya kusomea. Ila kapime kwanza, maana presha ya macho huanza kimyakimya.

Nikianza miwani, macho hayatazoea uvivu?

Hapana. Lenzi itakakamaa uivae usiivae.

Mwanangu daftari analisoma, ubaoni haoni. (Mama, Mombasa)

Hiyo ni shida nyingine, mama. Huenda jicho lake limerefuka, picha inaangukia mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), na lenzi haiwezi kuwa bapa zaidi ya ilivyo. Mpeleke akapimwe miwani. Na mwache acheze nje mchana: watoto wanaokaa nje zaidi hupata tatizo hili kwa uchache.