Pauni 420 za Septemba si pauni 420 za Machi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii kwa wasomaji wanaoishi Uingereza lilikuwa hili: akaunti yako ya umeme na gesi ina salio la mamia ya pauni, je, uzidai au uziache hukohuko kwa kampuni? Kabla sijajibu, mwenye salio anitajie kwanza mwezi aliolitazama.

Anayelipa kwa makato ya benki hukatwa kiasi kilekile Julai na Januari, kwa sababu kampuni inakadiria matumizi ya mwaka mzima na kuyagawa kwa 12. Tuchukue nyumba inayotumia pauni 1,800 kwa mwaka, makato yake pauni 150 kwa mwezi. Aprili hadi Septemba boila, mtambo wa gesi unaopasha nyumba na maji, haina kazi kubwa zaidi ya maji ya kuoga, tuseme matumizi ni pauni 80 kwa mwezi. Umelipa 900, umetumia 480, zimebaki 420. Mwisho wa Septemba unafungua akaunti, unaziona zimekaa tu, na nyumbani wanakusubiri ununue mabati. Ila Oktoba hadi Machi nyumba hiyohiyo inakula pauni 220 kwa mwezi wakati makato hayajabadilika. Pengo la pauni 70 kila mwezi, kwa miezi sita, ni 420 kamili. Machi ikiisha salio ni sifuri na hakuna aliyemdhulumu mwenziwe.

Nyumba ya pili ilianza Aprili bila salio, nayo inakatwa 150, lakini ina pauni 420 mwisho wa Machi, baridi imeshapita. Hizo ni zake kabisa. Amelipa 1,800 akatumia 1,380. Azidai leo, asingoje kesho.

Shemeji yangu alizitoa za kwake Oktoba, akazituma Tanga kumalizia paa. Paa limekwisha na ni zuri, simlaumu kwa hilo. Lakini kufika Februari akaunti ilikuwa na deni, na kampuni ikapandisha makato yake, mwezi ambao hata saa za kazi za ziada zilikuwa zimepungua. Afadhali angejikopesha mwenyewe akijua kwamba ni mkopo.

Nadhani sisi tuliokulia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, tunapotea hapa kwa urahisi. Kule ukinunua yuniti 50, mita inakuonyesha yuniti 50, na bei ikipanda kesho zile ulizokwisha kuingiza hazipungui. Hapa salio ni pauni, si yuniti. Ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, hubadilishwa kila miezi mitatu, kwa hiyo bei ikipanda, pauni zako zinanunua umeme kidogo kuliko zilipoingia. Na kwa kawaida hazikuzalii hata senti ya riba. Ndiyo maana siungi mkono wanaosema waache tu, ni akiba. Akiba ya kuvukia baridi, sawa. Zaidi ya hapo unamkopesha mfanyabiashara bure. Na kama umeingia kwenye ovadrafti, yaani umetumia zaidi ya ulichonacho benki, ambayo benki nyingi hapa zinaitoza karibu asilimia 40 kwa mwaka, kila pauni ya ziada iliyolala kwenye gesi inakugharimu.

Woga wa kampuni kufilisika, ambao baadhi yetu tunao tangu 2021, usiwe sababu ya kukimbilia kutoa. Mwaka ule zaidi ya kampuni 20 zilianguka, Bulb ikiwa kubwa kuliko zote, na masalio ya wateja wa nyumbani yalilindwa walipohamishiwa kampuni nyingine. Gharama yake tuliishia kuilipa wote kupitia bili, lakini hilo ni lalamiko la siku nyingine.

Kuna jambo moja la kukagua kabla ya kushika simu. Huenda salio lenyewe halipo. Tazama usomaji wa mita kwenye bili: kama umeandikwa kuwa ni wa kukadiria, kampuni imebahatisha, na mara nyingine inabahatisha chini. Soma mita mwenyewe, piga picha, tuma namba, subiri bili mpya. Hata mita janja, ile inayotuma usomaji yenyewe, hukatika mawasiliano na kurudi kwenye makadirio bila kukuambia. Nimeona salio la mtu likiyeyuka lote kwa usomaji mmoja wa kweli, na afadhali liyeyuke kabla hujalitumia.

Likibaki baada ya hapo, liombe. Kanuni za leseni ya kuuza umeme na gesi zinaitaka kampuni ikurudishie ukiomba, isipokuwa iwe na sababu ya msingi ya kukataa, na sababu hiyo lazima ikueleze. Ikikuzungusha, andika malalamiko rasmi. Zikipita wiki nane bila suluhu unaweza kwenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, bila kulipa chochote. Anayehama nyumba au kubadili kampuni asijiulize mara mbili: bili ya mwisho inatakiwa itoke ndani ya wiki sita, na pesa iliyobaki irudi ndani ya siku 10 za kazi baada ya bili hiyo. Muhimu ni kuwaachia anwani mpya, maana hundi inaweza kuishia kwa mpangaji aliyekufuata.

Zikishaingia benki, zungumzeni makato, la sivyo Machi ijayo mtakuwa palepale. Ile nyumba ya pili iliyotumia 1,380 inatosha kukatwa 115 kwa mwezi, bei zikibaki zilivyo. Mhudumu akikupa 90 kwa sauti tamu, mwambie hapana, 115.

Msomaji wenu, Leicester