Kilele kwenye volteji sifuri: ni Majorana au ni geti?

Swali: Mwalimu, nasoma shahada ya uzamivu. Tumepima waya wa nano wa indiamu asenaidi uliovikwa alumini, ndani ya friji la milikelvini 20. Uga wa sumaku ulipofika tesla 0.7, kilele cha upitishaji kikatokea kwenye volteji sifuri. Tulipotoa ukinzani wa nyaya, kiloomu 7, kikakaa 2e²/h kamili (e ni chaji ya elektroni, h ni namba ya Planck). Msimamizi anataka tuandike kwamba ni Majorana, ile hali ya nishati sifuri inayotarajiwa kwenye ncha mbili za waya kama huu, ambayo nadharia inasema kilele chake ni 2e²/h. Tuandike?

Jibu: Msiandike. Barua kama hii napokea kila mara, na kila mara neno "kamili" ndilo linalonitia wasiwasi.

Hizo kiloomu 7 mlizipima, au mlizitafuta mpaka kilele kikakaa mnapopataka? Upitishaji wa 2e²/h ni sawa na ukinzani wa kiloomu 12.9, maana yake mita ilisoma 19.9. Toa 8 badala ya 7, unabaki na 11.9 na kilele kimepita mstari; toa 5, hakifiki hata asilimia 90. Pimeni kwa waya nne, au angalau mseme ukinzani wa viungio mmeujuaje.

Hata namba ikiwa safi, bado. Karibu na kizuizi ambacho elektroni hupenya kuingia kwenye waya, pale alumini inapoishia, elektroni hunaswa kwenye kishimo kidogo ambacho hakuna aliyekikusudia. Hapo huzaliwa hali ya Andreev, yaani hali ya elektroni iliyonaswa kando ya superkondakta, ya kawaida kabisa na si Majorana, ambayo uga huishusha hadi sifuri na inaweza kuganda hapo. Ukizungusha geti, yaani elektrodi ya kando ambayo volteji yake huvuta au kusukuma elektroni za waya, urefu wa kilele chake hupanda na kushuka, na njiani utapita 2e²/h, kama saa mbovu inavyopatia mara mbili kwa siku. Badilisheni geti la kizuizi kwa upana: kilele kinabaki palepale wakati upitishaji wa nje ya pengo la nishati la superkondakta unabadilika? Ncha ya pili ya waya inaonyesha nini kwenye uga uleule? Pengo la katikati ya waya linafunga na kufunguka tena? Ncha moja haiwezi kujibu hilo.

Wanaochagua skani moja nzuri kati ya mia wananichosha. Makala ya kundi la Delft, Uholanzi, ya 2018 kwenye jarida la Nature, iliyodai kilele kama hiki, iliondolewa 2021: data ilipochorwa yote, pamoja na sehemu ambazo hazikuonyeshwa mwanzo, kuna nukta zilizotoka nje ya mipaka ya makosa. Na wale walikuwa na vifaa bora kuliko vyako na vyangu.

Mpelekee msimamizi skani zote, zikiwemo zile ambazo geti liliruka katikati.